Siku Nkambo Alipofungua Tanuru

Mtu akiniambia kwamba jambo fulani la kale ni fumbo lililoishinda dunia nzima, mimi humwuliza swali moja tu: mmemwuliza nani? Wengi hunitazama kana kwamba nimewatukana. Sijali. Nimefundisha historia maisha yangu yote, na swali hilo ndilo lililonibakiza shuleni nikiwa na miaka kumi na minane, kwa hiyo siwezi kuliacha leo kwa kuogopa nyuso za watu.

Tulikuwa tunakaa Kenya, yaani mtaa wa Kenya wa Lubumbashi, si ile nchi ya mbali. Nchi yetu wakati huo iliitwa Zaire, chama kilikuwa kimoja, kila mtu aliitwa sitwayen, yaani raia, na walimu wetu walivaa makoti yaitwayo abakosti, yaliyofungwa vifungo mpaka shingoni hata jua likiwaka vipi. Baba alifanya kazi kwenye kampuni ya shaba ya serikali, upande wa mashine za kusaga mawe. Nyumbani tulikuwa baba, mama, mimi na nkambo. Nkambo kwetu ndiye nyanya. Huyu alikuwa mama yake baba, kizee kifupi chenye mikono mikubwa, aliyezaliwa upande wa Kambove kabla mji wa Lubumbashi haujakuwapo. Alikuwa akipenda kulisema hilo. Akikasirishwa na foleni ya maji au na majirani, alisema yeye ni mkubwa kuliko mji wote huu na wasimsumbue.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa kijana aliyetoka chuo kikuu juzijuzi, na alipenda mafumbo kuliko chakula. Ubao wake aliugawa katikati kwa chaki. Upande mmoja aliandika Mafumbo, upande wa pili Njia Panda. Kwenye mafumbo aliweka ni nani aliyepandisha mawe ya piramidi, ni nani aliyejenga kuta za Zimbabwe bila udongo wa kuyashikisha mawe, ni nani aliyesimamisha vile vichwa vikubwa kwenye kisiwa cha katikati ya bahari. Kwenye njia panda aliweka siku ambazo dunia iligeuza uso: moto, gurudumu, baruti, karatasi iliyopigwa chapa. Nilimpenda mwalimu yule, nisiseme uongo. Alikuwa na sauti ya kukusahaulisha njaa ya saa sita. Lakini alikuwa na kiburi cha mtu aliyesoma vitabu vingi kwa haraka.

Mwaka huo alitaka kila mwanafunzi wa darasa la tano la sekondari achague fumbo moja, aliandikie karatasi na kulieleza mbele ya wenzake. Kazi hiyo tuliiita eksipoze. Ilibeba nusu ya pointi za historia za mwaka mzima, na kwangu mimi nusu hiyo ilikuwa kila kitu. Nilikuwa nimeshalirudia darasa la tano mara moja, kwa sababu ya malaria iliyonilaza wakati wa mitihani. Shuleni kwetu hakuna aliyeruhusiwa kukaa darasa moja miaka mitatu. Ukianguka tena, unarudisha vitabu na kwenda zako. Hesabu zangu zilikuwa za kutia huruma, na historia peke yake ndiyo ingenivusha. Baba alikuwa ameshasema, bila ukali wowote, kwamba nikifukuzwa kuna shangazi mjini Likasi anayefundisha wasichana cherehani. Nilichukia cherehani kwa moyo wangu wote.

Nikachagua misalaba ya shaba, na mwalimu akaiongeza kwenye mafumbo ya ubaoni. Katanga nzima inaijua: vipande vizito vya shaba vyenye mikono minne, ambavyo wazee walivitumia kama pesa na kuwazika navyo wafu wao. Kitabu kilichokuwa kwenye kabati la shule kilisema hakijulikani kwa hakika kilichowafanya wazee wachague umbo la msalaba, na kwamba huenda walifundishwa na mapadri wa pwani ya magharibi. Nikaandika kwamba hapana, kwa sababu nkambo yangu alimwona baba yake akiyeyusha shaba ya misalaba hiyo, na baba yake hakumjua padri hata mmoja.

Mwalimu alinirudishia karatasi mbele ya darasa. Pembeni alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: maneno ya nyanya si chanzo.

"Sitwayen," akaniambia, "historia haiandikwi jikoni."

Darasa likacheka. Nilibaki nimesimama, masikio yananiwaka. Kisha akasema ana nia njema na mimi, ndiyo maana ananipa majuma manne. Nilete ushahidi, au nipate sifuri.

Nilifika nyumbani nimevimba. Nkambo alikuwa akitwanga sombe, majani ya mihogo, uani. Nikamwambia yote, na nilipofika kwenye neno jikoni nikaanza kulia kwa hasira.

"Anasema niko nasema bongo?" akauliza. Bongo kwetu ni uongo.

"Anasema hakuna ushahidi."

"Ushahidi njo nini?"

"Kitu anachoweza kukishika mkononi."

Akaendelea kutwanga kidogo, akafuta mchi kwa kiganja. "Basi tutamupa kitu ya kushika," akasema.

Ndipo aliponisimulia vizuri, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwa sababu kabla ya hapo sikuwahi kumwuliza. Baba yake alikuwa fundi wa tanuru. Kila kiangazi, mavuno yakiisha, wanaume walikwenda kwenye kilima kisichoota miti, wakachimba mawe ya kijani, wakajenga tanuru la udongo wa kichuguu. Tanuru lilikuwa kama mama anayejifungua, na hakuna mwanamke wa umri wa kuzaa aliyeruhusiwa kulikaribia, kwa sababu mama wawili hawawezi kushindana kwa mtoto mmoja. Walimwaga majivu kwa duara, na mwanamke aliishia hapo. Lakini msichana mdogo ambaye hajavunja ungo aliingia. Nkambo aliingia miaka minne mfululizo, akibeba makala, yaani makaa ya kuni. Alijua kila kitu isipokuwa mwisho. Wakati wa kulifungua tanuru, baba yake aliwafukuza watoto wote, na yeye aliusikia mwisho huo akiwa mbali, mgongo umegeuzwa.

Kisha mwaka mmoja wageni wa Kizungu wakawasha matanuru yao makubwa, na wazee wakaambiwa waache. Baba yake alirudi nyumbani na mivukuto yake ya ngozi ya swala, ile ya kupulizia moto. Akaikata, akashona mifuko ya kubebea mihogo. "Alishona tu," nkambo akaniambia. Nilifikiria ubao wa mwalimu, ule upande wa njia panda, na nikajua kuna kitu hakikuandikwa pale.

Baba aliposikia mpango wetu wa kujenga tanuru na kuyeyusha shaba wenyewe, alicheka kwanza. Kisha aliona uso wangu, akaacha. Akasema kazi hiyo ni yake. Yeye ndiye mtu wa shaba katika nyumba, ameishi na shaba tangu ujana wake, na desturi ni desturi, wanawake wakae nje ya majivu. Mivukuto tuliazima kwa jirani yetu fundi chuma, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema, mtu mtaratibu aliyeanza kila kazi kwa bismillah na kumaliza kila sentensi kwa kicheko kidogo. Mawe tuliyaokota kwenye shimo la kale upande wa Kambove, pale nkambo alipotuelekeza, na kweli palikuwa hapana mti hata mmoja, ila vijiua vidogo vya bluu. Makala tulichoma wenyewe, ya mti mgumu uitwao mubanga. Na tanuru tukalijenga kwenye shamba letu la mihogo kule Annexe, karibu na mto Naviundu, ambako vichuguu ni virefu kuliko nyumba.

Jumamosi ya juma la pili walianza alfajiri. Nkambo na mimi tuliketi nje ya duara la majivu, mbali kiasi cha kusikia lakini si kuona. Baba na fundi walivukuta mpaka alasiri. Walipolibomoa tanuru, walikuta jiwe jeusi lenye mashimomashimo, jepesi, halina hata doa jekundu. Baba alilileta mpaka kwenye majivu tulione, akalitupa, akaketi chini na kuifunika miguu yake kwa vumbi kama mtoto. Nilikuwa nimebakiwa na majuma mawili na siku chache, na juma moja lilihitajika kwa ajili ya kukauka kwa tanuru jipya. Niliona cherehani ya Likasi mbele yangu, na kanyagio lake.

Nkambo aliyaona machozi yangu. Alinyanyuka, akatembea mpaka kwenye majivu, akasimama hapohapo.

"Munitolee gunia ya mawe," akasema.

Baba akamletea lililosalia. Nkambo akaingiza mkono, akatoa unga. Unga laini, wa kijani, unaopita katikati ya vidole. Baba alikuwa ameyasaga mawe siku nne nzima, kwa bidii, mpaka mikono ikatoka malengelenge.

"Njo nini hii?"

"Ni mawe, mama. Kule kwetu kazini tunasaga namna hii. Shaba haitoki bila kusagwa."

"Kule munapikaka na umeme na masini. Hapa iko moto ya makala." Akaumwaga unga ule chini. "Ulifanya unga ya bukari, ukamwanga mu moto. Moto itapumulia wapi? Umeifunga pua." Bukari kwetu ni ugali.

Fundi alianza kucheka kicheko chake kidogo, kisha akakiacha katikati. Nilimwona akiinama na kuutazama unga ule, akitikisa kichwa.

"Jiwe iko sawa karanga," nkambo akasema, akionyesha kwa ncha ya kidole gumba. "Karanga na ganda yake. Mbona haukuniuliza?"

Baba aliitazama mikono yake yenye malengelenge. Na hapo ndipo nilipompenda baba zaidi kuliko siku yoyote, kwa sababu hakubisha. Alisema tu kwamba desturi ilimzuia, kwamba alidhani mwanamke hana analoliona nje ya majivu.

"Desturi naijua kukupita," nkambo akamwambia. "Inakataza mwenye kuzaa. Mimi nilimaliza kuzaa zamani. Niko tena sawa ule mutoto wa makala." Kisha akainua kitenge chake kidogo, kama mtu anayevuka kijito, akayavuka majivu na kuingia.

Mimi nilibaki nje. Nilikuwa na miaka kumi na minane na desturi ilinihusu moja kwa moja. Nilikasirika, nakiri, maana eksipoze ilikuwa yangu. Lakini nilipofungua mdomo, nkambo alinionyesha kidole tu, na nikafunga.

Jumapili baba alirudi Kambove kuokota mawe mengine, nkambo akaanza kulijenga tanuru jipya, na Jumatatu nilimfuata mwalimu baada ya kipindi. Nilimwambia kwamba ushahidi utazaliwa Jumamosi ya juma lijalo, na kama anataka aje autazame ukizaliwa. Nilisema kwa ujeuri, sijui niliutoa wapi. Nadhani alitaka kukataa, lakini mtu anayependa mafumbo hawezi kuliacha moja limpite.

Jumamosi hiyo alikuja shambani na abakosti yake, na kalamu mfukoni. Nkambo alimpokea kwa adabu zote, akamsalimia, akampa kigoda, akamwuliza habari za wazazi wake. Kisha akamwambia avue koti.

"Mimi, mama?"

"Mivukuto iko mbili. Fundi ana mikono ya moja tu, na mutoto yangu ataweka mawe. Wewe njo profesa, utavukuta."

Nilikuwa nje ya majivu na daftari langu, na mama pembeni yangu na ndoo ya maji. Niliandika kila nilichosikia. Nkambo alikuwa akitangaza kwa sauti, kwa ajili yangu, kama mtangazaji wa mpira redioni. Sasa wanaweka makala. Sasa mawe, kiganja kwa kiganja, si gunia. Sasa makala tena. Profesa anachoka, profesa aongeze. Moto umekuwa mwekundu. Bado. Moto una rangi ya manjano. Bado. Nilipaza sauti kuuliza ni kiasi gani cha mawe, na kuhusu umbo la msalaba, kwa nini msalaba, na sio mviringo, na sio fimbo.

"Kamba," akajibu. "Mubebaji anafunga kumi pamoja. Ikiwa na mikono ine, kamba haitelezi. Padri anaingia wapi?"

Nilimsikia mwalimu akicheka huku akihema. Aliponieleza baadaye, alisema hapo ndipo alipoanza kuogopa, kwa sababu jibu lilikuwa dogo mno na lilikaa sawasawa mahali pake.

Jua lilipopita katikati ya mbingu, sauti ya nkambo ilibadilika. Akasema moto umekuwa wa kijani pembeni. Kisha akanyamaza. Mama alinishika mkono. Nilisikia mivukuto ikiendelea, fuu, fuu. Nilijua amefika wapi. Amefika pale ambapo baba yake aliwafukuza watoto. Kuanzia hapo yeye naye alikuwa hajui.

"Mama," nikamsikia baba akimwambia, "fungua wewe."

"Sikuonaka."

"Fungua wewe."

Walimpa mti mbichi mrefu. Kwa mara ya kwanza nilisimama juu ya ndoo nyingine, tupu, iliyogeuzwa, na juu ya mihogo niliona kichwa chake cheupe na mti ule ukiingia chini ya tanuru. Alisukuma mara moja. Alisukuma mara ya pili. Udongo ukapasuka. Nikaona uso wake unaangaziwa kutoka chini, na jinsi alivyoachia mdomo wazi. Sikumwona hivyo kabla wala baada ya hapo. Alikuwa na miaka themanini hivi na alikuwa akiona kitu ambacho alikisubiri tangu akiwa na miaka kumi.

"Amezaliwa," akasema. Halafu kwa nguvu, kwetu sisi, "Amezaliwa!"

Hiyo ndiyo ruhusa. Mtoto akishatoka, wanawake huja na maji na vigelegele. Mama na mimi tuliyavuka majivu mbio, tukipiga mpundu, ndoo inamwagika miguuni, na sikuona aibu mbele ya mwalimu hata kidogo. Shaba ilikuwa imekusanyika kwenye shimo la chini, donge la ukubwa wa tonge la bukari la mtu mwenye njaa, nyekundu inayotetemeka. Baada ya kupoa na kugongwa kusafisha takataka, fundi aliliyeyusha upya kwenye chungu kwa makala yaleyale. Nkambo alichora msalaba kwenye mchanga wenye unyevu kwa vidole viwili, akausawazisha kwa kiganja, akasema bismillah kwa ajili ya fundi na kuchora ishara ya msalaba kifuani kwa ajili yake mwenyewe. Wakamimina.

Tulikula bukari na sombe palepale, tumekaa kwenye matuta ya mihogo, tukiusubiri upoe. Mwalimu alikuwa mweusi kwa masizi mpaka kwenye kope. Ulipopoa, nkambo aliuokota kwa majani, akaufuta na kitenge chake, akamwekea mwalimu mkononi.

"Kamata," akamwambia. "Njo kitu ya kushika."

Ulikuwa umepinda mkono mmoja na una tundu katikati. Aliugeuza, akaugeuza tena. Kisha alimwomba nkambo msamaha, kwa Kifaransa kwanza, akajishtukia, akarudia kwa Kiswahili. Nkambo alimjibu kwamba anavukuta vizuri kwa mtu wa kalamu.

Juma lililofuata nilisimama mbele ya darasa lile lililonicheka. Niliuweka msalaba juu ya meza, ukagonga mbao kwa sauti nzito, na hakuna aliyecheka. Nilieleza kila kitu, hata unga wa baba, kwa idhini yake. Nilipomaliza, mwalimu alikwenda ubaoni. Alifuta misalaba ya shaba kwenye upande wa mafumbo. Chini ya baruti na karatasi, upande wa njia panda, aliandika: siku matanuru ya wazee yalipozimwa. Kisha akachukua karatasi yangu ya zamani, akakata kwa wino mwekundu maneno si chanzo, akaandika ndiyo chanzo, akanipa pointi zote.

Nilipanda darasa la sita. Nilipata diploma, nikaenda chuo kikuu, nikarudi kufundisha. Nkambo aliishi kuniona nikishika chaki, na hakuacha kuniuliza kama ninawauliza watu au ninasoma tu.

Msalaba ule umekaa juu ya meza yangu ya darasani miaka yote. Kila mwaka, siku ya kwanza, ninauzungusha kwa wanafunzi waushike, kisha nawauliza nani aliutengeneza. Wanasema Waarabu. Wanasema Wareno. Wengine, wale wanaotaka kunifurahisha, wanasema ni fumbo.

Nkambo yangu, ninawaambia. Jumamosi, mchana, kwenye shamba la mihogo. Baba ndiye aliyeokota mawe, mwalimu wangu wa historia ndiye aliyevukuta, na mimi nilikuwapo.